Kitufe Kipo Mkononi mwa Nani?

Gari lililotoka Japani hufika bandarini Dar es Salaam likiwa limeshazoea masikio ya watu wengine. Redio yake huandika Kijapani, na kwa magari mengi masafa ya FM huanzia megahezi 76 na kuishia 90. Huku kwetu stesheni zimepangwa kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo mwenye Vitz au IST aliyelipa kila senti ya ushuru huwasha redio siku ya kwanza, akapata stesheni mbili tatu za mwanzoni mwa mstari, kisha mstari ukaisha. Hakuna kilichoharibika. Japani ilipogawa mawimbi yake, sehemu ya kuanzia 90 hadi 108 ilipewa televisheni ya analojia, na televisheni hiyo ilizimwa kati ya mwaka 2011 na 2012. Redio ile inafanya kazi yake sawasawa, ila kwa ajili ya mji mwingine.

Fundi wa Kariakoo atakupa njia mbili. Ya kwanza ni kifaa kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio, kazi yake ikiwa kuyashusha mawimbi yetu mpaka yafike pale redio inapoweza kuyapokea. Kikishusha kwa megahezi 20, stesheni ya 100 utaipata kwenye 80. Utasikia vizuri, lakini kila namba utakayoisoma itakuwa ya uongo, uongo wenye mpangilio ambao mtu huuzoea na kuishi nao. Njia ya pili ni kuing'oa redio yote na kununua nyingine.

Nyumbani kwetu tulichagua njia ya pili. IST yetu ni ya familia kwa jina na ya mdogo wangu kwa matumizi. Siku sita za wiki anafanyia teksi ya mtandaoni, saa kumi au kumi na mbili kwa siku. Siku ya saba, na siku za kliniki, humbeba Mama. Kazi ya kuchagua redio nilipewa mimi kwa kuwa ndiye msomi, na msomi kwa watu wa nyumbani ni mtu anayeweza kusoma karatasi ya maelekezo mpaka mwisho. Mdogo wangu alikuwa na sharti moja: "Dada, usisahau sabufa. Redio bila sabufa ni ya kusikilizia matangazo ya vifo." Mama naye alikuwa na ombi moja: "Mimi nataka nisikie wanachosema tu."

Ukiyatazama maombi hayo kwa haraka utasema ni mambo ya ladha, na mambo ya ladha hayana hakimu. Mmoja anapenda pilipili, mwingine hapendi. Lakini wawili hawa walikuwa wanakula sufuria moja, na mimi ndiye niliyeshika mwiko. Swali langu lilikuwa hili: sauti nzuri ndani ya gari ni ipi, na ni nzuri kwa nani?

Tuanze na boksi, maana huko ndiko mnunuzi anakoanza. Redio nyingi za gari za bei ya kati zimeandikwa nje, kwa herufi kubwa, 50W x 4. Unaelewa kwamba kila spika itapata wati 50. Sasa fanya hesabu. Gari likiwa linanguruma, umeme wake ni volti 14 na pointi kadhaa, na spika nyingi za gari zina ukinzani wa omu 4. Ukiipelekea spika hiyo wimbi safi, lililopanda mpaka mwisho wa volti 14.4, fizikia ya kidato cha sita inakupa wati 26 hivi. Ili ufike 50, wimbi lazima likatwe kichwa na miguu mpaka liwe mraba, yaani sauti iliyoharibika kabisa, ile inayokwaruza kama bati linaloburutwa kwenye saruji. Namba ya kwenye boksi ni ya kweli, lakini ni kweli ya sauti ambayo hakuna mtu angeitaka. Na hata wati zingeongezeka mara mbili kwa haki, zingeongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekua mara mbili, nguvu inatakiwa iongezeke takriban mara kumi.

Basi mtu mwangalifu atasema: mimi sitaki ukubwa, nataka uaminifu. Nataka redio itoe kile kilichorekodiwa, isiongeze wala isipunguze. Ataingia kwenye ikwaliza, atashusha besi mpaka sifuri, trebo mpaka sifuri, na kuamini kwamba amejitoa katika uamuzi. Amefika mahali ambapo hakuna anayependelewa.

Mahali hapo hapapo. Mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa maabara za Bell nchini Marekani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba kutokuwa sawa huko hubadilika kadiri sauti inavyopanda au kushuka. Sauti ikiwa ndogo, besi ndiyo hutoweka kwanza. Wimbo uliochanganywa studio kwa sauti kubwa, ukiusikiliza taratibu kwenye foleni ya Ubungo, mpiga besi anakuwa kama hakuja kazini siku ile. Ndiyo maana redio nyingi zina kitufe kilichoandikwa LOUD, kinachoinua besi pale sauti inapokuwa chini. Je, ukikibonyeza umedanganya, au umeondoa udanganyifu? Aliyeweka kila kitu sifuri amekuwa mwaminifu kwa waya. Kwa sikio hajawa mwaminifu. Sifuri nayo ni chaguo, tofauti yake ni kwamba aliyeichagua hajioni akichagua.

Hapo wengi hukimbilia lile jibu la kumaliza mazungumzo: kila mtu na masikio yake. Jibu hilo silikubali, na sababu yangu haitoki kwa mwanafalsafa. Katika miaka ya 1980, mtafiti Floyd Toole, akiwa katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, aliwakalisha watu mbele ya pazia linalopitisha sauti lakini lisiloruhusu macho, akawasikilizisha spika mbalimbali. Wasikilizaji wenye masikio mazima walielekea kukubaliana sana. Zile zilizopimwa kuwa zinatoa masafa kwa usawa na ulaini ndizo zilizopendwa. Baadaye, mwaka 1994, yeye na Sean Olive walilinganisha majaribio ya pazia na majaribio ya macho wazi, wakaona kwamba watu wakiiona spika, ukubwa wake na jina lake, alama wanazotoa hubadilika. Maana yake ni kwamba sehemu ya kile tunachokiita ladha ya masikio ni ladha ya macho. Ukitoa macho, kuna kitu kinabaki ambacho watu wengi wanakitambua. David Hume, katika insha yake ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha, alishika wazo la namna hiyo alipokumbusha kisa cha waonja mvinyo wawili waliochekwa, mmoja kwa kusema ana ladha ya ngozi na mwingine ladha ya chuma, mpaka pipa lilipomwagwa ukaonekana chini yake ufunguo wenye kamba ya ngozi. Walionja kitu kilichokuwemo.

Kwa hiyo sauti nzuri ipo. Kama ningekuwa nanunua redio ya chumbani kwangu, insha hii ingeishia hapa, na mimi ningerudi kwenye tasnifu yangu. Lakini gari lina tatizo ambalo chumba hakina. Hakuna aliyekaa katikati.

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya mita 343 hivi kwa sekunde, sawa na sentimita 34 kwa kila milisekunde. Dereva wetu hukaa kulia. Spika ya mlango wa kulia iko karibu na goti lake, ya kushoto iko ng'ambo. Tufanye tofauti ya umbali ni sentimita 70. Sauti ya kulia itamfikia milisekunde 2 kabla ya ile ya kushoto. Ni muda mfupi kuliko kope inavyoshuka, lakini sikio linaujua. Mwaka 1949, Helmut Haas, Mjerumani, aliandika katika tasnifu yake kwamba sauti mbili zinazofanana zikifuatana kwa milisekunde chache, tunazisikia kama moja, na tunaamini imetoka upande wa ile iliyotangulia. Ndiyo maana ndani ya gari mwimbaji anayepaswa kusimama katikati ya kioo cha mbele anaonekana kuimba kutoka kwenye mfuko wa mlango wa dereva, pale panapokaa chupa ya maji.

Redio za siku hizi zina dawa yake. Huichelewesha spika ya karibu ili imsubiri mwenzake, na mwimbaji akarudi katikati. Redio tuliyoitazama dukani iliuliza swali hilo waziwazi kwenye skrini: msikilizaji amekaa wapi? Majibu yalikuwa manne: mbele kulia, mbele kushoto, mbele wote, gari zima. Fundi alibonyeza "mbele kulia" bila kuniuliza, akaniambia, "Kaa hapa dada, sikiliza." Nilikaa kwenye kiti cha dereva. Ilikuwa kama mtu ameondoa kitambaa mbele ya redio. Kisha nikahamia kushoto, na mwimbaji akaanguka mlangoni.

Haiwezekani iwe vinginevyo, kwa sababu hesabu ni ya mizani. Aliyekaa kushoto, sauti ya kulia tayari ilikuwa inamfikia ikiwa imechelewa milisekunde 2. Ukiichelewesha 2 nyingine ili kumridhisha dereva, yeye sasa anaisubiri 4. Uzuri aliopewa mmoja umetolewa mfukoni mwa mwingine, senti kwa senti. Ukichagua "gari zima", hakuna anayeibiwa na hakuna anayepata ule uzuri kamili. Hapo swali lilihama. Lilikuwa la ukweli, likawa la haki.

Mwanafalsafa Mmarekani John Rawls, katika kitabu chake kuhusu haki kilichotoka mwaka 1971, alipendekeza kwamba kanuni za jamii zichaguliwe kana kwamba wachaguzi wapo nyuma ya pazia la kutojua: hakuna anayejua atazaliwa tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Gari ni mfano mzuri wa jambo hilo kwa sababu viti vinahesabika. Panga sauti kabla hujajua utakaa wapi. Ukiwaza hivyo utaacha mara moja kupanga kama vile dunia ina kiti kimoja. Lakini pazia la Rawls linaficha zaidi ya kiti. Linaficha pia masikio utakayopanda nayo.

Masikio ya Mama yamefanya kazi miaka ishirini na zaidi katika kiwanda cha nguo, kwenye ukumbi wa mashine za kufuma. Waliomjua wakati huo wanasema wafanyakazi wa ukumbi ule walikuwa wakiongea kwa midomo na mikono, kwa sababu sauti ilikuwa haina kazi humo. Kelele za muda mrefu huanza kula masafa ya juu, hasa karibu na hezi 4,000, na uzee nao huanzia juu. Irabu zetu zina nguvu nyingi chini na katikati, zinabaki. Zinazoondoka ni s, sh, f, th, zile konsonanti zinazotengenezwa kwa pumzi nyembamba. Mtangazaji akizungumzia thamani ya nyumba, Mama anaweza kusikia samani za nyumba, au akasikia "a-a-i" tu na kuanza kutafuta. Anajua kwamba mtu anaongea. Kinachomponyoka ni anachosema.

Mtu atasema: ongeza sauti. Ukiongeza sauti unaongeza vyote, na besi ikipanda hufunika yale masafa ya juu yaliyokuwa yamebaki machache. Kwa sikio kama lake, sabufa ni mtu mnene aliyesimama mbele ya mtoto kwenye gwaride. Kinachomsaidia ni kinyume chake: shusha chini, inua kati na juu. Simu za mezani za zamani zilipitisha hezi 300 hadi 3,400 tu, bila besi ya maana wala mng'aro, na watu walioana kwazo, walifiwa kwazo, walifanya biashara kwazo. Maneno hayahitaji nafasi kubwa. Yanahitaji nafasi yao isivamiwe.

Nilipomweleza mdogo wangu haya, alinijibu jibu ambalo sikuweza kulipita kwa haraka. "Dada, Mama anapanda mara mbili kwa wiki. Mimi naishi humo." Ni kweli. Hesabu saa: zake ni zaidi ya sitini kwa wiki, za Mama tatu au nne. Ukipima jambo kwa jumla ya raha, kama wafanyavyo wanafalsafa wa manufaa, kesi imekwisha: weka kiti cha dereva, funga sabufa, na Mama avumilie. Na yeye si mtu wa starehe. Mchana kutwa anaulizwa "upo wapi?" na watu wanaoona kwenye ramani alipo. Muziki ndio kitu pekee ndani ya gari lile ambacho hakuna mteja aliyekiagiza.

Bado nasema hesabu ya saa haitoshi, kwa sababu inajumlisha vitu visivyo vya aina moja. Aliyekosa besi amekosa utamu. Aliyekosa konsonanti amekosa habari, na akiwa ndani ya gari na watoto wake wanaocheka kitu kilichosemwa redioni, amekosa pia kuwa mmoja wao. Huwezi kuweka saa sitini za utamu upande mmoja wa mizani na kusema zinazidi uzito wa kuachwa nje ya mazungumzo, kama vile huwezi kumnyima mtu mmoja maji kwa sababu wengi wanapenda soda. Kanuni niliyoifikia ni ya ngazi: kwanza maneno yafike kila kiti, halafu uzuri agawiwe anayekaa zaidi. Ngazi ya pili ni ya mdogo wangu kwa haki yote. Ya kwanza si ya kupigiwa kura.

Lakini nyuma ya kanuni hiyo kuna jambo lingine lililochukua muda zaidi kulitamka. Masikio ya Mama hayakupotea kwa bahati mbaya. Yalipotea katika ukumbi ambao mtu fulani alikuwa na swichi yake, na mtu huyo hakuwa Mama. Mashine zililia kwa kiwango ambacho uzalishaji ulikitaka, na waliokisikia hawakuwa na mkono unaofika pale kinapoamuliwa. Leo taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini hushauri kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda huo ugawanywe kwa mbili, hata desibeli 100 zinakuwa za dakika 15 tu. Ni namba nzuri, lakini haina faida kwa mtu asiyefikia swichi. Ubaya wa kelele haupimwi kwa desibeli peke yake. Kuna desibeli nyingi kwenye ngoma ya harusi, na anayecheza mbele ya ngoma hakudhulumiwa. Ubaya huanza pale sauti inapofika mbali kuliko mkono, pale anayesikia na anayeshika kitufe wanapokuwa watu wawili tofauti.

Ukilipima jambo kwa kipimo hicho, sabufa inatoka ndani ya gari na kwenda mtaani. Wimbi la hezi 3,400 lina urefu wa sentimita 10. Bati, kioo na hata kichwa cha mtu hulizuia kwa kiasi. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, refu kuliko IST yenyewe, na ukuta wa tofali haulisumbui. Kwa hiyo gari lenye sabufa likipita saa tano usiku, waliolala hawapati wimbo. Maneno yamebaki ndani kwa mwenye gari, kinanda kimebaki ndani, mwimbaji amebaki ndani. Kinachotoka ni kishindo. Jirani amepewa maganda.

Immanuel Kant alilisema jambo hili mwaka 1790, katika kitabu chake kuhusu uamuzi wa uzuri. Aliulaumu muziki kwa kukosa ustaarabu wa mjini, kwa kuwa huenea kwa majirani wasiouomba, akaufananisha na mtu anayetoa mfukoni leso yenye manukato na kuwalazimisha wote walio karibu kunusa. Macho yanaweza kugeuzwa, pua na masikio hayana pa kwenda. Kabla ya hapo, mwaka 1784, aliwahi kumwandikia meya wa mji wake wa Königsberg kulalamikia wafungwa wa gereza la jirani waliokuwa wakiimba nyimbo za dini kwa sauti, madirisha yakiwa wazi.

Hicho kisa cha pili ndicho kinachonizuia kumpa Kant ushindi wote. Mwenye haki pale ni nani? Profesa aliyetaka utulivu wa kufikiri alikuwa na nyumba, kalamu na meya wa kumwandikia. Wafungwa walikuwa na sauti tu. Mdogo wangu hajamsoma Kant, lakini alilipata wazo hilo peke yake. "Wenye magari ya kupitwa na kelele wanalipia vioo," aliniambia. "Sisi tunaonekana wenye kelele kwa sababu kimya ni ghali." Ana hoja. Kimya cha mjini hununuliwa kwa uzio, kwa kioo kizito, kwa nyumba iliyo mbali na stendi, na aliyekinunua hujiona mstaarabu wakati yeye ni mwenye uwezo tu. Daladala inayopiga muziki mnene kutoka Mbagala haifanyi utundu. Inaita abiria, inamwamsha dereva aliyeamka saa tisa usiku, na wapo wanaoisubiri hiyo hiyo waache nyingine zipite. Mtu asiye na sebule ya kualika watu humo ndimo anamofanyia karamu.

Kwa hiyo siwezi kusema tu "punguza" na kujiona nimesema jambo la haki. Kinachonibakiza upande wangu ni kile kipimo cha mkono. Kwenye daladala, abiria akisema "konda, punguza kidogo," kuna konda wa kumsikia. Anaweza kukataa, anaweza kumdhihaki, lakini ombi lina pa kufikia. Aliyelala nyuma ya ukuta hana konda. Kati yake na kitufe kuna barabara, tofali na gari ambalo limeshapita. Kadiri anayesikia anavyokuwa mbali na kitufe, ndivyo anayekishika anavyodaiwa kumfikiria zaidi, kwa sababu hakuna mwingine atakayefanya hivyo kwa niaba yake. Wahenga walipotuonya kwamba ngoma ikivuma sana hupasuka, walimwonya mwenye ngoma juu ya hasara yake mwenyewe. Tungehitaji methali nyingine kwa ajili ya asiye na ngoma.

Tulinunua redio yenye FM ya huku, 87.5 hadi 108, na spika nne za milangoni zilizo bora kidogo kuliko tulivyokusudia, kwa fedha ambazo zingekwenda kwenye sabufa. Ina nafasi za kuhifadhi mipangilio mitatu. Ya kwanza ina kiti cha dereva na besi iliyoinuliwa. Mdogo wangu aliipanga mwenyewe, jioni nzima, mlango ukiwa umefungwa. Ya pili haina besi, imeinuliwa kuanzia hezi 2,000 kwenda juu, na kiti chake ni mbele kushoto. Kwa sikio langu ni sauti kavu, inakaribia simu. Mama alipoisikia mara ya kwanza hakusema kwamba ni nzuri. Alianza kubishana na mtangazaji. Ya tatu ni ya gari zima, kwa ajili ya wateja.

Tulikubaliana pia jambo ambalo halimo kwenye karatasi ya maelekezo: Mama akipanda, kitufe ni chake, na mdogo wangu alimwonyesha namna ya kuhama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine bila kumwomba mtu. Kwangu hilo ni kubwa kuliko mpangilio wenyewe. Tungeweza kumpangia sauti safi kabisa na bado ikawa sauti aliyopangiwa, kama zile nyingine.

Sabufa haijafungwa, lakini haijafutwa. Mdogo wangu anaweka akiba, na anasema akiifunga atakuwa anaizima akiingia mtaani kwetu usiku. Nimemuuliza je, mitaa mingine anayopita, isiyo ya kwetu? Ameniambia nimtajie mtaa mmoja wa huko ambao umewahi kupunguza kitu kwa ajili yake. Sijampa jibu, na sidhani kwamba jibu lake limo ndani ya redio.